Wale Niliowaandikia "Hana Pumzi"

Jumatatu, tarehe ishirini Januari, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi sakafuni sebuleni kwangu mjini Meru, nimezungukwa na madaftari kumi na manane ya jalada gumu, moja kwa kila mwaka niliokuwa katibu wa uteuzi wa klabu yetu ya soka ya wanawake. Nilikuwa nimestaafu kwa siku tatu. Nilistaafu mapema, kwa hiari yangu na kwa shinikizo la goti langu la kushoto, na siku ya kuagana klabu ilinizawadia saa ya ukutani, zawadi ya kushangaza kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi.

Aliyenirithi ni Mukami, mwalimu kijana kutoka Embu. Alikuwa ameniomba jambo moja: nipitie wasichana wote tuliowachagua katika miaka hiyo, niseme yupi alikuwa chaguo zuri, yupi alikuwa kosa, na sababu zake.

"Madam, usinifiche," alisema. "Nataka tu kujua mlikuwa mnafikiria nini."

Nilimwahidi kurasa kumi. Kwa miaka mingine kati ya hiyo, jibu la kweli lingeenea nyuma ya bahasha.

Kwa kuwa haya yatasomwa pia na wenzangu vijana wa klabu nyingine, nieleze kwanza jinsi tunavyochagua. Ligi yetu ina klabu sita, tatu za upande wa Meru na tatu za upande wa Embu. Zamani klabu moja iliyokuwa na mfadhili mkarimu ilikuwa ikiwachukua wasichana wote wazuri, na nyingine tano zikabaki kuisindikiza. Ndipo viongozi wakakubaliana juu ya utaratibu tunaouita zamu. Kila Januari wasichana waliomaliza shule hukusanywa kwa majaribio ya siku mbili. Wanaofaulu huandikwa majina ubaoni. Mwishoni mwa Februari klabu hukaa chumba kimoja na kuchagua jina mojamoja kwa kupokezana. Iliyoshika mkia huanza, bingwa humalizia. Msichana anayechaguliwa kutoka ubaoni hupewa pia nafasi katika chuo cha ufundi, na karo yake hulipwa na wafadhili wa ligi hadi amalize. Asiyefaulu anaruhusiwa kurudi mara moja tu. Akishindwa mara ya pili, milango ya zamu imefungwa kwake.

Niliingia katika kazi hii nikiwa mwalimu wa michezo katika shule ya upili, nikiwa na stashahada, filimbi mpya, na imani kwamba nilijua kutazama mpira. Mzee Mutuma, katibu wa uteuzi aliyenitangulia, aliiondoa imani hiyo kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa afisa wa kilimo mstaafu, na alikuwa akiwatazama wachezaji kama alivyokuwa akitazama mbegu: kwa subira, bila mapenzi.

"Mwalimu, unatazama nini?" aliniuliza siku yangu ya kwanza.

"Mpira, mzee."

"Mpira hatuuchagui. Mpira tunao. Tazama yule aliye mbali nao."

Somo hilo bado nalisimamia. Msichana mwenye mpira mguuni anajua kwamba anatazamwa. Aliye mbali nao ndiye anayekuonyesha kama anafikiri, kama amechoka, kama anamwonea mwenzake wivu. Mutuma alinifundisha pia kuwatazama wakati wa kugawiwa maji. Anayewapitishia wenzake chupa kabla ya kunywa, alisema, atapasia. Nililichunguza dai hilo kwa miaka kumi na minane na linakosea karibu mara moja kati ya mbili, lakini linampa mtu kazi ya kufanya wakati wa mapumziko.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Saa ya kuhesabu sekunde, vitambaa vya namba vilivyofungwa kwa kamba kifuani, peni ya buluu kwa maelezo, na peni nyekundu kwa uamuzi. Naandika habari za peni nyekundu kwa sababu vijana mtapewa tarakilishi ndogo, nayo haina wekundu wa kuwatisha. Peni nyekundu inakufanya usite kidogo. Ingenifaa zaidi kama ningekuwa nasita.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa Kananu wa Muthara. Nilimchagua awe mlinda lango kwa sababu alikuwa mrefu kuliko milingoti ya goli la shule yao. Katika mechi yake ya kwanza ilibainika kwamba alikuwa akiuogopa mpira. Aliukwepa kwa ustadi ambao sijauona tena kwa mchezaji yeyote. Leo ni mwamuzi, na mzuri sana, kwa kuwa mwamuzi naye hatakiwi kuguswa na mpira. Kwenye kurasa za Mukami nimeandika: "Chaguo baya kwa klabu, zuri kwa soka."

Chaguo letu bora kabisa lilikuwa kosa. Mutuma, aliyebaki mshauri wetu baada ya kuniachia kazi, alitaka kiungo namba kumi na moja. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, akasoma namba kumi na saba kwenye ubao. Tukampata Gatwiri wa Mikinduri, beki wa kushoto ambaye katika misimu tisa sikumsikia akisema sentensi yenye maneno zaidi ya manne. Mutuma hakukiri kosa lake hadi Gatwiri alipoinua kikombe. Kisha akasema alikuwa amemwona tangu mwanzo.

Kuhusu mkakati, sina budi kuwa mkweli: kwa miaka sita ya mwanzo hatukuwa nao. Tulikuwa na mwenyekiti, Bwana Nyaga, na Bwana Nyaga alipenda magoli. Kila Februari tulichagua msichana aliyefunga mengi kwenye majaribio, bila kujiuliza alimfunga nani. Kwa kuwa kila klabu ilikuwa na hofu ya kuchagua mlinda lango mwoga kama wetu, walinda lango wazuri waliacha kuja majaribioni, na hata mimi ningefunga. Msimu mmoja tulikuwa na washambuliaji saba na beki mmoja wa kati. Tulifunga magoli mengi. Tulifungwa zaidi. Nyaga alisema mashabiki wanaburudika, na kwa kweli mashabiki wa klabu nyingine waliburudika mno.

Tulibadilika taratibu. Tulianza kuuliza klabu itahitaji nini mwaka kesho kutwa, si Jumamosi ijayo. Tulichagua mabeki kwanza, tukazomewa, tukashinda. Kurasa saba za Mukami zinahusu jambo hilo, nami ninajivunia hizo saba.

Nilipofika kwenye kurasa tatu za mwisho ndipo nilipofungua sehemu za mbio katika madaftari yangu.

Majaribio yetu hufanyika kwenye uwanja ulio juu, karibu na msitu, penye mashamba ya chai. Uliteuliwa kwa sababu una nyasi mwaka mzima na kando yake kuna ofisi yenye jiko. Siku ya kwanza, kabla ya uji, wasichana wote hukimbia mizunguko kumi na miwili. Mwenye saa huandika muda wa kila mmoja, na aliyeachwa mbali huandikiwa kwa wekundu maneno mawili: hana pumzi. Huyo haandikwi ubaoni, hata kama mchana anacheza vizuri kuliko wote. Kwa kuwa uwanja ni wa upande wetu, mwenye saa kwa klabu zote sita alikuwa Mutuma, na baada yake mimi.

Nilikuwa nikitafuta muda wa Gatwiri tu. Nilichokiona ni vijiji. Mbele ya kila andiko jekundu palikuwa na jina la kijiji, na vijiji vilikuwa vilevile, vya nchi ya chini yenye joto. Mitunguu. Mbeere. Mitunguu tena. Mbeere. Nilifungua mwaka uliotangulia, na uliotangulia huo. Katika miaka kumi na minane hakuna hata msichana mmoja kutoka nchi ya chini ambaye saa yangu ilimkubali.

Mutuma alikuwa na maelezo, na niliyapokea kama nilivyopokea mengine yake. "Watu wa tambarare," aliniambia, "hawana sababu ya kuhema. Kila kitu kwao kimelala." Tulicheka. Bwana Abdi, msafirishaji wa mjini Meru ambaye lori lake lilikuwa likipandisha ndizi kutoka Mitunguu na kutuletea wasichana wa huko, alisikia na hakucheka.

"Mwalimu," aliniambia, akiwa ameegemea bodi ya lori, "hata hili lori langu likifika hapa linahema. Nalo halikuzaliwa Mitunguu, wallahi. Limezaliwa Japani."

Nilicheka hapo pia.

Jambo ambalo ni gumu kuliandika ni kwamba nilikuwa nikijua. Chuoni nilifundishwa kuhusu hewa nyepesi ya mahali pa juu, na jinsi mwili usioizoea unavyohitaji siku kadhaa kabla ya kukimbizwa. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nililijibu vizuri. Lakini sisi tuliokaa pale hatukupaita mlimani. Tulipaita uwanjani.

Nikafungua sasa sehemu za mechi. Kila msimu tunashuka kucheza Mbeere, na kila msimu wasichana wetu wa milimani wanafikia nusu ya pili wakiburuta miguu. Nilikuwa nimeliandika hilo pia, kwa peni ya buluu, mwaka baada ya mwaka. Kando ya majina yao nilikuwa nimeandika neno moja: "jua." Wa kwetu walipochoka, lilikuwa kosa la jua. Wa chini walipochoka, lilikuwa kosa lao.

Ingekuwa historia tu, ningeandika aya moja ya majuto na kwenda kupika. Lakini jina la mwisho katika daftari la mwisho lilikuwa la wiki iliyotangulia. Kendi, Mitunguu, kiungo, namba kumi na tisa. Hana pumzi. Mwandiko wangu, wino bado mwekundu sana. Kando yake kulikuwa na alama ndogo ya kuonyesha kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya pili na ya mwisho.

Nilimpigia Mukami simu. Alhamisi tulishuka Mitunguu.

Tulimkuta Kendi shambani akihamisha mapaipu ya kunyunyizia maji migomba, kwa sababu ilikuwa zamu ya maji ya kwao na zamu hiyo ikipita haingojei mtu. Alikuwa akikimbia na paipu begani. Alipoliweka, alirudi akikimbia kuchukua jingine. Alituona, akasimama, akatusalimia kwa adabu iliyokuwa baridi kidogo, kisha akaendelea. Mama yake alituletea ndizi zilizochemshwa na viti viwili.

"Mwalimu, karibu. Huyu mlisema hana nini?"

"Pumzi, Mama Kendi."

"Ya kufanya nini?"

Nilichukua ndizi moja.

"Kwa sababu hapa nyumbani anayo," aliendelea mama huyo kwa upole. "Kutoka asubuhi anakimbia hivyo. Na bado inambakia ya kunijibu."

Mukami alikuwa amekuja na viatu vya mbio. Alikimbia majaribio yake mwenyewe pale juu alipokuwa na umri wa Kendi, na hadi leo anashikilia muda wa pili kwa ubora katika madaftari yangu. Alimwomba Kendi wazunguke shamba pamoja, mara kumi na mbili. Ilikuwa saa sita. Niliwasha saa kwa mazoea.

Mzunguko wa tano Mukami alikaa chini ya mgomba.

"Madam, hii jua si mchezo," alisema alipoweza kusema.

Kendi alimalizia peke yake, kisha akaja akasimama mbele yetu, mikono kiunoni. Hakuwa akihema sana.

"Madam, na yeye utamwandikia?" aliniuliza, akimwelekezea Mukami kidevu.

"Kendi!" mama yake alifoka.

"Nauliza tu, mum." Kisha akanigeukia, na dhihaka ilikuwa imemtoka usoni. "Mimi mwaka jana nilifikiria ni malaria. Mwaka huu nilifanya mazoezi miezi sita, kila siku. Nilipofika huko juu kifua kikakataa vilevile. Nikajua basi, ni mimi. Sasa nitatafuta kazi ya kupakia ndizi, hiyo haina mizunguko."

Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ratiba. Nilikula ndizi yangu yote.

Ijumaa nilimwona Bwana Nyaga. Bado ni mwenyekiti, na bado anapenda magoli, ingawa siku hizi anayapenda kimyakimya. Nilimweleza yote na kumwambia kwamba nataka jina la Kendi lirudishwe ubaoni. Alisikiliza hadi mwisho, akachanganya sukari kwenye chai yake kwa muda mrefu.

"Anacheza vizuri kiasi gani?"

"Kuliko kiungo yeyote aliye ubaoni."

"Basi nyamaza."

Nilidhani sikumwelewa.

"Mwalimu, fikiria kama katibu. Sisi ni mabingwa, tunachagua wa mwisho. Ukimrudisha ubaoni, klabu tano zinachagua kabla yetu. Atakwenda. Lakini asipokuwa ubaoni, zamu ikiisha anakuwa mtu huru, na mtu huru anachukuliwa na anayemjua. Nani anamjua? Ni wewe na Mukami." Alikunywa chai. "Huo ndio mkakati. Si ni wewe uliyetufundisha tufikirie mwaka kesho kutwa?"

"Akija kama mtu huru hapati nafasi ya chuo."

"Atapata soka."

"Bwana Nyaga, ana miaka kumi na minane. Soka itamwacha akiwa na thelathini, ikiwa goti lake ni bora kuliko langu."

"Na wewe je? Ukiandika kwamba saa yako ilikuwa ikikosea, klabu za Embu zitauliza ilikosea mara ngapi. Utakuwa umejiandikia cheti cha kufeli, na umeshastaafu salama."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa akinishauri, na kama mkakati wa uteuzi ushauri wake ulikuwa mzuri kuliko mwingi tuliowahi kuufuata. Nililikiri hilo mbele yake. Ndiyo sababu nauandika hapa kwa ukamilifu: siku moja mtakaa nilipokaa mimi, na mtu mwema atawaambia mnyamaze kwa faida ya timu, na hesabu yake itakuwa sahihi.

Mukami nilimwachia uamuzi wake. Sasa yeye ndiye katibu. Kumpoteza Kendi kungekuwa hasara yake ya kwanza, nami sikuwa na haki ya kumrithisha hasara bila kumuuliza. Alifikiria kwa siku mbili, kisha akanipigia.

"Madam, andika. Mimi nitatafuta kiungo mwingine." "Lakini tukifungwa naye, nitakupigia simu kila Jumamosi."

Ilinichukua zaidi ya wiki mbili kuandika barua ambayo ingeweza kuandikwa kwa nusu saa. Sehemu ya muda huo niliitumia kutafuta maneno ya kunifanya nionekane nimekosea kwa heshima. Hayakupatikana. Nilipoacha kuyatafuta, barua ilikuwa fupi, na nakala yake ni hii.

*

Meru,
12 Februari

Kwa Katibu wa Ligi,

Ninaandika kama mwenye saa wa majaribio, kazi niliyoifanya kwa niaba ya klabu zote sita hadi mwezi uliopita.

Katika majaribio ya mwaka huu nilimwandikia Kendi wa Mitunguu, namba kumi na tisa, kwamba hana pumzi. Nilikosea. Aliletwa kutoka nchi ya chini alfajiri na kukimbizwa mahali pa juu asubuhi ileile, kabla mwili wake haujaizoea hewa ya huko. Nilisomea jambo hili chuoni na sikulitumia. Nimemwona akikimbia umbali huohuo kwao, saa sita mchana, na muda wake nimeuambatisha. Mwalimu Mukami alikuwepo na atathibitisha, ingawa muda wake yeye hatukuuandika.

Naomba jina la Kendi lirudishwe ubaoni kabla ya zamu ya mwisho wa mwezi huu. Klabu yangu ya zamani itachagua ya mwisho, na inaelekea hatutampata. Hilo lisiwe sababu ya mtu yeyote kulichelewesha ombi hili, hasa mtu wa klabu yangu.

Naomba pia kwamba kuanzia mwakani mbio zifanyike siku ya nne baada ya wasichana kufika, au zihamishwe kila mwaka, juu na chini kwa kupokezana.

Pamoja na barua hii kuna karatasi mbili za majina. Ni wasichana wote wa Mitunguu na Mbeere niliowaandikia maneno hayohayo tangu nilipoanza. Hao hawawezi kurudishwa ubaoni. Baadhi yao sasa wana mabinti wanaokaribia umri wa kucheza. Siwaombei chochote isipokuwa majina yao yasomwe mkutanoni kwa sauti, kila moja na kijiji chake, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kosa lilikuwa la mwenye saa.

Mtakapokuwa mkiyasoma mtaona kwamba kila jina lina muda kando yake. Muda huandikwa msichana anapouvuka mstari baada ya mzunguko wa kumi na mbili. Anayeacha njiani hupigiwa mstari mtupu. Hakuna mstari mtupu hata mmoja katika karatasi hizo. Wote walimaliza. Nilikuwa nimesimama pale kila mara, na sikuwahi kuliandika.

Wako mwaminifu,
Mwenye saa wa zamani